Shati Ndani Nje: Mwalimu Omaira na Somo la Kikongo

Saa moja asubuhi kengele ya shule ya Punta Almeja inalia, na Mwalimu Omaira Esquina anaingia darasa la sita akiwa amevaa blauzi ndani nje. Mishono yote inaonekana. Lebo inaning'inia kisogoni, na viatu amevibadilisha, cha kulia kipo mguu wa kushoto. Anatembea kinyumenyume mpaka mbele ya ubao, taratibu, asije akajikwaa kwenye kizingiti kama Jumatatu iliyopita.

"Kwa heri, Mwalimu!" wanafunzi wanapaza sauti.

"Kwa heri, wazee wangu," anajibu. "Simameni."

Wote wanakaa.

"Leo hatujifunzi kitu. Nani amesahau tulipoishia?"

Miguu inainuka juu ya madawati. Mingine ina soksi zilizotoboka, mmoja una kiatu kinachodondosha mchanga. Mwalimu anauangalia mguu baada ya mguu kwa makini, kisha anachagua ule wenye soksi ya kijani.

Mgeni akipita dirishani angedhani darasa limepagawa. Wenyeji hawageuki hata kutazama. Wanajua Mwalimu Omaira anafundisha historia.

Historia yenyewe ni chungu kumeza. Mababu wa watoto hawa waliletwa kwa meli kutoka Afrika, wakauzwa katika bandari za pwani hii ya Colón, wakabebeshwa fedha ya mfalme wa Hispania kwenye njia ya nyumbu. Waliobahatika walitorokea msituni, wakajenga vijiji vyao, wakajiwekea malkia na walinzi. Kwa mujibu wa wazee, nguo walizotupiwa na mabwana walizivaa ndani nje kwa kuwakejeli. Na lugha ya mabwana wakaipindua, ili anayesikiliza nyuma ya uzio asikie kinyume cha kinachosemwa.

Huku lugha hiyo inaitwa Kikongo. Haina undugu na lugha za Mto Kongo kule Afrika zaidi ya jina. Ni Kihispania kilichosimama kwa kichwa: ndiyo ni hapana, aliyekufa ni mzima, adui ni mpenzi, na ukitaka kumsalimia mtu unamuaga, tena unampa mguu badala ya mkono.

Kila mwaka, kuanzia tarehe ishirini Januari mpaka Jumatano ya Majivu, bendera nyeusi na nyeupe inapandishwa, kasri la makuti linajengwa, na kijiji kizima kinacheza ngoma ya wakongo. Malkia anatawala, mlinzi aitwaye Ndege Mdogo anapiga mluzi wa hatari, na Shetani, ambaye ndiye bwana mwenye watumwa, anakimbizana nao akiwa na mjeledi na njuga miguuni.

Balaa ni kwamba msimu huo wote unaangukia likizo.

"Januari mtoto ni kongo, anatamba barabarani," anasema Omaira, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. "Machi shule inafunguliwa, anavaa sare, anafungua kitabu. Kitabu kinamwambia babu zake waliletwa kufanya kazi. Ukurasa mmoja, picha ya meli, basi. Mtoto mwenyewe hajui kama hao ni wale wale aliokuwa anawacheza mwezi uliopita."

Anakiri kwamba ukurasa huo alikuwa akiusoma mbio mbio, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Watoto walikuwa wanainamisha vichwa. Kisha mmoja anacheka, wote wanacheka, na wakitoka nje wanaanza kuitana: mtumwa wewe, kongo wewe.

Neno hilo la mwisho ndilo linalomuuma. Mjini, kongo maana yake ni bwege. Mtu akiuziwa simu mbovu wanasema amefanywa kongo. Omaira alilisikia kwa maana hiyo kabla hajalisikia kwa maana nyingine yoyote, tena nyumbani kwao.

Alilelewa Colón mjini na bibi yake, Hercilia, ambaye aliondoka Punta Almeja akiwa msichana kwenda kufanya kazi za ndani. Bibi Hercilia alikuwa mama mkali, msafi, mcha Mungu. Omaira akivaa shati ndani nje kwa bahati mbaya, alichapwa kofi la sikio kabla hajafika mlangoni.

"Geuza shati hilo! Sisi si makongo hapa!"

"Mpaka leo," anasema Omaira huku akishika sikio, "kila asubuhi nikiigeuza blauzi hii, sikio linapata moto."

Alihamishiwa Punta Almeja akiwa mwalimu kijana, akakuta kijiji cha bibi yake kina kila kitu alichonyimwa. Ilimchukua miaka kupata ujasiri wa kuomba alichokitaka. Februari moja akaenda kwenye kasri la makuti kumwona Malkia wa wakongo, Bi Tomasa Ayarza, akamweleza kwa adabu zote kwamba angependa ngoma iingie darasani.

Bi Tomasa alikuwa ameketi na taji lake la kioo na shanga, anamenya mbaazi. Akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Toka hapa," akamwambia. "Kesho asubuhi usije. Na hao watoto wako sitaki kuwaona machoni pangu."

Omaira akashukuru, akatoka, akalia njia nzima. Hakurudi. Mwaka ukapita, bendera ikapandishwa tena, na siku hiyo hiyo Bi Tomasa akamvamia mbele ya duka la mkate.

"Wewe mwanamke una kiburi! Nimekungoja mwaka mzima!"

"Lakini Bi Tomasa, si ulinifukuza?"

"Nilikwambia kesho asubuhi usije! Nikwambieje tena, nikuchoree?"

Bi Tomasa, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, akisimulia kisa hicho hucheka mpaka anashika mbavu. "Nilikuwa na taji kichwani, sketi ndani nje, nipo ndani ya kasri. Nani anaongea sawasawa akiwa kasrini? Mtoto wa watu kasoma vyuo vyote, na kanuni ndogo kama hiyo haijui."

Omaira naye hucheka, ila si sana. "Bibi yangu alininyima lugha, ikanigharimu mwaka," anasema. "Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aibu inalipwa na wajukuu."

Tangu hapo Bi Tomasa anakuja shuleni kila Alhamisi na wapiga ngoma wawili. Suala la msimu alilimaliza mwenyewe: kasri ni mahali malkia alipokaa, na yeye amekaa kwenye kiti cha darasa la sita. Mvua ikinyesha kwenye bati, sauti ya mwalimu haisikiki kabisa. Ngoma inasikika. Kwa hiyo siku za mvua ndizo siku bora za historia.

Omaira ana sheria zake, na hazivunjwi. Hakuna mtoto anayefungwa kamba, hata kwa kuigiza. Hakuna mtoto anayevaa barakoa ya Shetani; huvaa mtu mzima, na mjeledi hupiga sakafu tu. Na mnada hauchezwi.

"Kuuzwa tunasoma," anasema. "Tumekaa, kwa sauti ya kawaida, na anayetaka kulia analia, hatumcheki. Ngoma inaanza pale mtu anapotoroka. Mimi sitaki mtoto aende nyumbani mwili wake ukikumbuka minyororo. Nataka ukumbuke mbio."

Mambo yalikwenda vizuri kwa misimu kadhaa. Kisha Machi mwaka huu msichana wa miaka kumi na mmoja, Yarineth Molinar, akarudi nyumbani kutoka kwenye somo la mnada na kumuuliza baba yake mezani:

"Baba, sisi tuliuzwa bei gani?"

Baba yake, Abdiel Molinar, ni nahodha wa mashua ya injini inayounganisha Punta Almeja na mahali barabara inapoishia. Ni bonge la mtu, na mpole. Siku hiyo upole ulimwisha. Hakumaliza samaki wake. Alienda moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu.

"Mwalimu, hebu nieleze taratibu, maana mimi kichwa changu kizito. Nimekuletea mtoto umfundishe kuzidisha na kugawanya. Wewe unamwambia tuliwekwa sokoni kama kitoweo?"

"Bwana Abdiel, nisipomwambia mimi, ataambiwa na mwingine. Tena kwa kuchekwa."

"Basi aambiwe akiwa mkubwa! Na hizo nguo za kugeuza, na hicho Kikongo, ukimzoesha, akienda mjini watamfanya nini? Unajua mjini wanatuitaje?"

Omaira alijua. Abdiel alijua zaidi. Ujana wake aliumaliza kubeba mizigo kwenye maghala ya mjini, ambako msimamizi hakuhangaika kujifunza jina la mtu yeyote wa pwani. Kongo beba hiki, kongo rudisha kile. Aliporudi nyumbani alinunua mashua, na kwenye kasri hakukanyaga tena. Bendera ikipandishwa, yeye alikuwa anakwenda kuvua.

Malalamiko yalifika ofisi ya elimu, na Abdiel hakuwa peke yake. Jibu likaja kwamba mkaguzi atakuja kuitisha kikao, na neno la wazazi litakuwa la mwisho. Wakikataa, somo linarudi kwenye kitabu.

"Nilishaamua," anasema Omaira. "Wakikataa naomba uhamisho. Kwenye ule ukurasa sirudi, hata wanipe shule ya mjini yenye feni."

Kabla ya kikao alimwomba Abdiel kitu kimoja: aje Alhamisi, akae nyuma, atazame. Asipopenda, mwalimu mwenyewe atakuwa wa kwanza kukubali yaishe.

Abdiel akaja. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, kofia mkononi, uso umekunjwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Bi Tomasa akaanzisha wimbo, watoto wakaitikia, ngoma zikachanganya, na madawati yakawa msitu. Omaira akavaa barakoa nyekundu yenye vipande vya kioo na njuga miguuni, akawa Shetani.

Yarineth alikuwa Ndege Mdogo. Akapiga mluzi, na wenzake wote wakapotea chini ya madawati na nyuma ya mlango. Akabaki peke yake katikati ya darasa, blauzi ndani nje, mbele ya Shetani.

Mjeledi ukalia sakafuni. "Wamepita wapi?"

Mtoto hakutetereka. Akainama kwa heshima, akaonyesha dirisha la upande wa bahari.

"Wamekwenda pwani, bwana wangu mpendwa. Kimbia utawapata. Na Mungu akupe maisha marefu, na meno yasikutoke hata moja."

Kila aliyekuwa chini ya dawati alielewa. Msitu uko upande wa pili. Na mpendwa, na maisha marefu, na meno, kila mmoja alijua Shetani ameombewa nini. Kicheko kikalipuka. Shetani akapiga njuga kuelekea baharini, akitimua mbio kama bwege kamili.

Na nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto, Abdiel Molinar alicheka kwa sauti kubwa kabla hajapata nafasi ya kujizuia.

Kisha akavaa kofia, akatoka mvuani bila kuaga. "Nilijua nimempoteza," anasema Omaira. "Nilivua barakoa nikakaa chini. Bi Tomasa akaniambia nisinywe maji, maana yake ninywe. Nikanywa."

Kilichotokea jioni ile anakisimulia Abdiel mwenyewe, akiwa amekaa kwenye ukingo wa mashua yake na kusafisha plagi ya injini ambayo tayari ni safi.

"Tulikuwa tunakula. Yarineth akasema, Baba, lile swali nimepata jibu. Nikamwambia haya, sema. Akasema, waliotoroka hawana bei." Anaitazama plagi. "Nikaweka kijiko chini. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa najiona mtu niliyefanywa bwege. Kumbe sisi ndio tuliowafanya mabwana kuwa mabwege."

Siku ya kikao kina mama walipika wali wa nazi na mbaazi na samaki wa kukaanga, maana mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu. Mkaguzi, Bi Mirna Degracia, mwanamke mtaratibu wa mjini aliyefika na mashua akiwa amelowa mpaka magotini, alikula akashukuru, kisha akasimama mbele ya darasa lililojaa. Omaira alikuwa amekaa pembeni. Kwa kuwa ni mambo ya ofisi, alikuwa amevaa blauzi sawasawa. Hofu ilimfanya aangalie sakafu tu.

Bi Mirna akaeleza jambo lililowaleta, akauliza nani anataka kusema. Abdiel akasimama.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeanzisha malalamiko. Sasa nataka niseme wazi mbele ya watu. Mwalimu huyu hatumtaki hata kidogo. Somo lake ni baya, limemharibu mtoto wangu. Tunaomba umchukue leo leo, uondoke naye."

"Hata kesho tusimwone!" akapaza sauti mama mmoja.

"Na ile ngoma ikome!" akasema mwingine.

 Omaira alianza kuhesabu moyoni nani atamsaidia kubeba masanduku yake.

Bi Mirna akahuzunika waziwazi. "Nimewasikia," akasema. "Hata hivyo lazima niulize kwa utaratibu. Anayekubali somo liendelee, ainue mkono."

Hakuna mkono hata mmoja ulioinuka.

"Basi," akasema mkaguzi, "inasikitisha, lakini..."

Hapo Abdiel akavua ndala, akashika meza ya jirani asianguke, akainua mguu. Bi Tomasa akainua wake, wenye soksi. Kisha mama wa mbele, kisha safu ya pili, kisha darasa zima, wazee kwa vijana, miguu juu, wengine wakishikiliana mabega, viti vikilia. Omaira akanyanyua macho ndipo akaona. Mashati yote, magauni yote, lebo nje. Abdiel alikuwa amevaa shati lake la kanisani ndani nje, mifuko ikining'inia kama masikio.

"Mimi!" anasema Omaira sasa, akijipiga kifuani. "Mwalimu wa Kikongo! Nimeingia mtego ule ule mara ya pili!"

Alilia hadharani, na hajali nani anajua.

Mkaguzi alibaki ameduwaa mpaka Yarineth, aliyekuwa akichungulia dirishani na wenzake, alipomwambia, "Mama, angalia mashati." Bi Mirna akaangalia. Akaangalia miguu. Watu wakaanza kuchoka kusimama kwa mguu mmoja.

Kisha akavua koti lake, akaligeuza, akalivaa ndani nje.

"Naona somo hili ni baya sana," akasema. "Nitahakikisha halifiki kwenye shule nyingine yoyote ya pwani hii."

Kelele zilizofuata, wanasema, zilisikika mpaka kwenye gati.

Hivyo tangu mwezi huu Omaira ana kazi mpya: Jumamosi anawafundisha walimu wa shule za jirani kutembea kinyumenyume bila kuanguka. Barakoa ya Shetani pia imepata mwenyewe. Abdiel alimwambia Omaira kwamba Shetani wake hana makali, anakimbia kama anakwenda dukani, na sasa kila Alhamisi anafunga mashua mapema na kuja na njuga zake alizozifua upya. Uwanjani watoto bado wanaitana kongo. Wanalisema vifua mbele, na asiyeitwa hivyo ananuna.

Lakini mpango alioushika Omaira moyoni ni wa Januari. Bibi Hercilia bado yuko hai mjini, ana miaka themanini na tisa, na hajarudi Punta Almeja tangu alipoondoka. Watu walikuwa wamepiga video ya kikao, ikazunguka kwenye simu, ikafika na kwake. Jumapili Omaira akampigia.

"Bibi, Januari nataka nikulete nyumbani. Uone kasri."

 Upande wa pili redio ya Bibi ilikuwa inasikika, kisha ikazimwa.

"Siji," akasema Bibi Hercilia. "Usinitumie mashua. Na sketi yangu ya viraka, ile ya mama yangu iliyobaki kwa Tomasa, mwambie asiitoe sandukuni."

Omaira hakujua hata siku moja kwamba sketi hiyo ipo. Sikio likapata moto.

"Bibi, unasema kweli, au..."

"Hujambo, mjukuu wangu," akasema Bibi, akakata simu.

Abdiel ameshaambiwa aache nafasi moja kwenye mashua, katikati, mahali ambapo maji hayarukii sana.